Jeraha Bila Hatia: Augustino, Juliano na Urithi wa Adamu

Mtu akiisoma sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo bila kutanguliza katekisimu, atashangazwa na yale asiyoyakuta. Hakuna panaposemwa kwamba hatia ya Adamu imeingia katika damu ya wanawe. Laana inatamkwa juu ya nyoka na juu ya ardhi. Mwanamume na mwanamke wanapewa uchungu, jasho na mauti, wanavikwa mavazi ya ngozi, kisha wanatolewa bustanini. Dhambi inatajwa kwa jina mara ya kwanza katika sura ya nne, inapomvizia Kaini mlangoni, naye anaambiwa aitawale. Zaidi ya hapo na orodha za ukoo, Agano la Kale la Kiebrania halina mengi ya kusema juu ya Adamu, na Ezekieli katika sura ya 18 anakana waziwazi kwamba mwana ataubeba uovu wa babaye. Basi fundisho kwamba kila mtoto huzaliwa na dhambi ya asili lilitoka wapi, na linadai nini hasa?

Jibu la haraka ni Paulo. Katika Warumi 5 anasema kwamba kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti. Lakini Paulo hakuwa akiandika risala juu ya Adamu. Alikuwa akiandika juu ya Kristo, na Adamu aliletwa ili ukubwa wa neema upimwe kwa ukubwa wa maafa. Namna kosa la mmoja linavyowafikia wote hakuieleza, na vizazi vilivyofuata viliijaza nafasi hiyo kila kimoja kwa namna yake. Ireneo wa Lyon, mwishoni mwa karne ya 2, alimwona Adamu kama mtoto aliyedanganywa kabla hajakomaa, na Kristo kama yeye aliyekuja kuipitia upya njia ile na kuinyoosha. Ukimsoma Ireneo, anguko linahuzunisha zaidi kuliko linavyotia hasira.

Mjadala ulibadilika ulipofika kwenye kisima cha ubatizo. Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilibatiza watoto wachanga, na ubatizo ni kwa ondoleo la dhambi. Dhambi ipi, kwa kiumbe asiyeweza hata kujigeuza kitandani? Tertuliano wa Karthago aliliona tatizo mapema, akashauri watoto wacheleweshwe: umri usio na kosa una haraka gani ya kusamehewa? Kufikia mwaka 253 upepo ulikuwa umegeuka. Askofu mmoja aliuliza kama mtoto asubiri siku ya nane kwa mfano wa tohara. Sipriani na wenzake, maaskofu 66 waliokutana Karthago, walijibu kwamba asicheleweshwe, kwa kuwa anasamehewa dhambi za mwingine wala si zake mwenyewe. Neno hilo lilitolewa kwa huruma, ili mtoto asifungiwe mlango. Miaka 150 baadaye liligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Si haki kudai kwamba Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika hiyo hiyo ya Kaskazini, alilibuni fundisho hili ili ashinde ugomvi. Alikwisha kutumia usemi wa dhambi ya asili karibu na mwaka 396, alipomfafanulia Simpliciano Waraka kwa Warumi, wakati Pelagius, mwalimu aliyesisitiza uwezo wa mtu kutenda mema, alikuwa bado si mpinzani wake. Lakini ugomvi ndio ulioutia usemi huo makali ya kisheria. Mwaka 411, Caelestius, mfuasi wa Pelagius, alishitakiwa Karthago kwa kufundisha kwamba kosa la Adamu lilimdhuru Adamu peke yake. Alikubali kwamba watoto wabatizwe, akatetea tu kwamba suala la dhambi kurithiwa bado lilikuwa na mjadala ndani ya Kanisa. Hilo halikumwokoa. Augustino naye akaishika hoja moja na hakuiachia tena: kama Kanisa linawabatiza watoto kwa ondoleo la dhambi, basi wanayo dhambi ya kuondolewa. Mwaka 418 mtaguso wa Karthago uliwalaani wanaokana hilo, na Papa Zosimo akatoa waraka wa kutiwa saini na maaskofu. Wapatao 18 wa Italia walikataa, mmoja wao akiwa Juliano wa Eclanum.

Juliano hakuwa na adabu. Alimcheka Augustino kwa asili yake ya Kipuniki, akamtuhumu kwamba bado ananuka dini ya Umanikeo aliyoifuata ujanani kwa takriban miaka tisa. Matusi yakiwekwa kando, hoja yake imenyooka. Mungu ni mwenye haki, na mwenye haki hamhukumu mtu kwa jambo ambalo hakulitaka. Mtoto mchanga hajataka lolote, kwa hiyo hana hatia. Kufa, kuzaa kwa uchungu na kutamani ni mambo ya maumbile. Alichotuachia Adamu ni mfano mbaya tu. Augustino alimjibu kwa kumwelekeza kwenye maradhi ya watoto, vilema vyao na upofu wa kuzaliwa. Watoto wanateseka, alisema, na Mungu mwenye haki hawezi kuwatesa wasio na hatia. Kwa hiyo hatia wanayo. Jibu hilo lilikuwa bado mezani kwake alipofariki mwaka 430, Hippo ikiwa imezingirwa na Wavandali. Kati ya vitabu vinane vya Juliano alikuwa amekwisha kujibu sita.

Ukizisoma hoja hizi pamoja utaona kwamba mahasimu hawa wawili walikuwa ndugu. Wote walishika kanuni moja ambayo hakuna aliyeihoji: chini ya Mungu mwenye haki, hakuna dhara linalorithiwa bila hatia kurithiwa pamoja nalo. Juliano alikuwa na hakika kwamba hatia haipo, kwa hiyo akalazimika kulikana dhara, akauita unyonge wetu wote maumbile. Augustino aliliona dhara kwa macho makavu, kwa hiyo akalazimika kuitafuta hatia, hata akaikuta kwenye matiti ya mama. Kanuni yenyewe ndiyo mbovu, na Injili imekwisha kuivunja. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, hata akazaliwa hivyo, na Yesu anakataa pande zote mbili za swali. Katika Luka 13 watu 18 waliofunikwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Augustino alizijua sura hizo vizuri na alizihubiri. Alipofika kwa Juliano hakuziruhusu zimsumbue.

Hata hivyo, kumvua Augustino ushindi huo si kumvika Juliano. Watu wa siku hizi humpenda Pelagius kwa kudhani kwamba alikuwa mpole. Wasome barua yake kwa Demetrias, binti wa ukoo mkubwa wa Roma, aliyoiandika mnamo 413 au 414. Humo anafundisha kwamba, kwa kuwa Mungu ametupa uwezo wa kutenda mema, anayeanguka hana cha kujitetea. Hakuna ukali unaozidi huo. Kila udhaifu unakuwa uasi uliokusudiwa, na mlevi anayelia asubuhi na kurudi kilabuni jioni anahesabiwa kuwa ametaka tu. Augustino alimjua mtu huyo zaidi. Katika Maungamo yake anamtaja mtoto aliyesawijika kwa wivu akimtazama nduguye wa kunyonya: hajui kusema, na tayari hataki mwenzake ashibe. Utashi wetu umepinda kabla hatujautumia, na hatuwezi kuunyoosha kwa kuamua tu. Hapa Augustino hajashindwa na yeyote. Yeye mwenyewe alilifananisha Kanisa na nyumba ya wageni ambako Msamaria alimlaza yule majeruhi, mahali pa kupona polepole. Lakini majeruhi wa mfano ule alipigwa na wanyang'anyi, na hakuna anayemtoza kosa lao.

Makanisa ya Magharibi yamekuwa yakimwachia Juliano nusu yake kidogokidogo, bila kumtaja. Anselmi alisema kwamba dhambi ya watoto si sawa na ya Adamu, akaieleza kama kukosa haki waliyopaswa kuwa nayo. Thomas wa Akwino aliwaweka watoto wasiobatizwa mahali pasipo maumivu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulikiri kwamba dhambi hii hupokelewa kwa kuzaliwa wala si kwa kuiga, lakini ukakana kwamba tamaa inayobaki ndani ya waliobatizwa ni dhambi kwa maana halisi. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la 1530, hawakulegeza, ingawa uzuri wa kifungu chao cha pili ni kwamba waliiona dhambi hiyo kwanza katika kutomcha Mungu na kutomtumaini. Kisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, katika namba 404 na 405, ikasema kwamba hii ni hali wala si tendo, na kwamba haina sura ya kosa binafsi kwa mzawa yeyote wa Adamu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ikaandika kwamba kuna sababu za kutumaini wokovu wa watoto wanaokufa bila ubatizo. Sioni namna ya kuyasoma maneno hayo isipokuwa kama kukubali kwamba hatia, kwa maana aliyoitetea Augustino, haipo tena.

Mtu atauliza: kama mtoto hana hatia, ubatizo ni wa nini? Swali hili ni la kweli hapa kwetu, ambako Wapentekoste huwajibu Wakatoliki na Walutheri kwamba mtoto hana cha kutubu, wakirudia hoja ya Tertuliano pengine bila kumjua. Yohane Krisostomo alikwisha kulijibu huko Mashariki: tunawabatiza watoto ingawa hawana dhambi, ili wapewe utakatifu, haki ya wana, urithi na udugu na Kristo. Juliano alimnukuu. Augustino akajitetea kwamba Krisostomo alimaanisha dhambi zao wenyewe tu, na utetezi huo ni dhaifu. Mapokeo ya Mashariki hayakuhitaji ujanja huo, kwa sababu yalifundisha kwamba tunachorithi ni mauti. Waraka kwa Waebrania, katika 2:15, unawataja watu waliofungwa utumwani maisha yao yote kwa hofu ya mauti. Anayeogopa kufa hujilimbikizia, hudanganya, humsukuma mwenzake. Dhambi zake ni zake, na utumwa wake aliukuta.

Ombi langu kwa makatekista na wachungaji ni dogo. Somo la ubatizo wa watoto lianze na namba 405 ya Katekisimu kabla ya kulijadili kosa la Adamu, na mzazi aliyefiwa na mtoto asiyebatizwa asiambiwe kamwe, hata kwa fumbo, kwamba mwanawe amekwenda na deni.