Povu Kwenye Udongo wa Isevya

Mwaka 1901 mwanakemia wa Kijerumani, Oscar Loew, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alitoa ripoti kuhusu kimeng'enya alichokiita katalesi. Alikuwa akichunguza majani ya tumbaku na mabadiliko yanayoyapata yakivundikwa. Aliona kwamba ukiyatia haidrojeni peroksaidi, kemikali ambayo Mfaransa Louis Jacques Thénard aliigundua mwaka 1818, hutoka povu. Katalesi ndiyo inayoivunja, yakabaki maji na oksijeni. Kisha Loew akaikuta katalesi kwenye mimea na viumbe wengi mno.

Nimeanza na Loew kwa sababu mkoa wetu ni wa tumbaku, na kwa sababu jambo alilolichunguza limefika Isevya, hapa Tabora mjini, ndani ya chupa ndogo ya duka la dawa.

Jirani yetu mmoja huotesha miche ya nyanya na hoho kwenye makopo na viroba, akawauzia wenye bustani. Mtaji wake ni mkopo wa kikoba. Masika yaliyopita kinyausi kiliingia: miche ikaoza shingoni, ikalala chini kama nyasi zilizokatwa. Mtu akamwambia aimwagilie dawa ile ya kusafishia vidonda. Aliponiona akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma habari za kilimo cha zamani. Nimwage au nisimwage?"

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na jibu langu lilianzia mbali kidogo.

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta mji wa misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi, wafanyabiashara na watumwa wote hao walikula chakula kilicholimwa Unyamwezi. Mkulima wa Kinyamwezi alilima matuta, akiyafukia majani na magugu ndani yake. Hakuwa na neno bakteria wala kuvu, lakini kila tuta lilikuwa chakula cha viumbe wa ardhini.

Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, Urambo ikiwa mojawapo ya sehemu zake pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yaling'oa miombo. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Miti kama mtundu hushirikiana na kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake: kuvu humletea mti maji na fosforasi, mti huwapa sukari. Uyoga mwingi tunaokula Tabora wakati wa mvua ni tunda la ushirika huo. Mti ukiondoka, na uyoga wake huondoka.

Baada ya karanga, Urambo ikageukia tumbaku. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya mbegu 10,000, na mche wake ni dhaifu. Kwa hiyo wakulima walichoma matawi juu ya kitalu ili joto liue magugu, minyoo fundo na magonjwa. Katika nchi nyingine gesi ya methili bromaidi ilifanya kazi hiyo, nayo mwaka 1992 iliingizwa katika Mkataba wa Montreal kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Moto, gesi na sasa chupa ya dawa: njia ni tatu, wazo ni moja, kwamba udongo ni kidonda cha kusafishwa.

Nilimwomba jirani vijiko viwili vya mchanga mtupu na viwili vya udongo wake wenye mboji. Nikadondoshea dawa ya asilimia 3. Mchanga ulitoa viputo vichache. Mboji ilifura povu mpaka likamwagika kwenye kisahani. Kwenye mboji kuna mabaki ya mimea na vijidudu tele wenye katalesi yao, nao huivunja dawa upesi.

Hapo ndipo penye tatizo. Peroksaidi huunguza chochote inachokigusa kabla haijavunjika: kuvu wa kinyausi, lakini pia bakteria na kuvu wanaoulinda mzizi, hata vinyweleo vya mizizi vyenyewe ikiwa kali. Haichagui. Oksijeni inayosifiwa nayo ni kidogo: lita moja ya asilimia 3 hutoa takriban lita 10 za gesi, ukiizimua mara kumi inabaki lita moja, na nyingi huishia hewani. Kesho yake udongo ungali umejaa maji, na kuvu aliyejificha ndani ya mabaki ya miche iliyooza anarudi akiwa na washindani wachache zaidi.

"Basi haifai?" akauliza.

"Inafaa, mama, ila si kwenye udongo. Oshea makopo na kisu cha kupunguzia miche. Udongo ule uliooza usiurudie. Toboa makopo maji yatoke, mwagilia asubuhi, miche isibanane."

Alinyamaza, akahesabu kwa vidole: makopo, mbegu mpya, wiki zilizobaki kabla ya marejesho ya kikoba. Kwake kosa la msimu mmoja ni deni. Akachukua msumari, akaupasha moto jikoni, akaanza kutoboa makopo.

Nilimsaidia yaliyobaki. Pembeni mwa uzio alikuwa na mistari miwili ya karanga. Aling'oa shina moja, akanionyesha vifundo kwenye mizizi, akidhani navyo ni ugonjwa. Nilikipasua kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama: bakteria walikuwa kazini, wakiilisha karanga naitrojeni kutoka hewani. "Hawa usiwaue," nikamwambia. Akalirudisha shina ardhini, akalishindilia kwa kisigino.