Imani Inayompa Kijana Kazi: Tumaini Miongoni mwa Vijana wa Kakuma

Mjadala kuhusu imani na vijana walio katika dhiki huishia mara nyingi kwenye jibu moja: imani hufariji. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi, maana mtu aweza kufarijika na bado asiwe na tumaini. Mwanasaikolojia wa Marekani C. R. Snyder alilichambua tumaini katika mambo matatu: lengo, njia za kulifikia, na utashi wa kuzifuata njia hizo. Kwa kipimo hicho, kijana aliyetulizwa moyo lakini hana la kufanya kesho hajapata tumaini bado. Ninavyoona, imani hulilea tumaini pale inapomkabidhi kijana kazi mbele ya watu wanaomtegemea.

Kambi ya Kakuma, katika eneo kame la Turkana nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya kuwapokea maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan, wengi wao Wadinka. Walikuwa wameikimbia vita hadi Ethiopia kwa miguu kuanzia mwaka 1987. Serikali ya Mengistu nchini humo ilipoanguka mwaka 1991 wakafukuzwa, na wengi wakafa maji katika mto Gilo. Kambini, watoto hawa wasio na wazazi walishiriki kujenga makanisa ya udongo, wakafundishana dini na kuongoza ibada. Marc Nikkel, mmisionari aliyeishi na Wadinka na kuwachunguza kitaaluma, alionyesha jinsi miaka hiyo ilivyozaa nyimbo nyingi mpya za kanisa kwa Kidinka. Mtunzi mashuhuri kati ya waliozitunga ni mwanamke, Mary Alueel Garang. Nyimbo hizo hazikuficha vita wala vifo. Ziliomboleza waziwazi, tena kwa sauti ya watu wengi pamoja. Kijana ambaye katika daftari la msaada ni namba ya kadi ya mgao alikuwa, siku ya ibada, mpiga ngoma anayesubiriwa.

Wapo watakaosema kilichowashikilia ni shule. Kweli, vijana hao walizoea kusema kwamba elimu ndiyo mama na baba yao, na kuanzia mwaka 2000 wapatao 3,800 walipelekwa Marekani. Lakini shule inatoa njia. Utashi wa kuifuata njia hiyo mwaka baada ya mwaka, bila mzazi wa kuhimiza, hauna budi kutoka mahali fulani. Sioni ushindani hapa.

Si kila imani hufanya kazi hiyo. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walitofautisha waumini wanaojitegemea, wanaomwachia Mungu kila kitu, na wanaoshirikiana naye katika kutatua tatizo. Mwislamu wa pwani anayejua kwamba tawakali huja baada ya juhudi hatashangazwa na tofauti hiyo. Msiba wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulitufunulia mwaka 2023 mwisho wa kutisha wa njia ya pili: waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Watoto wale hawakukosa mahubiri. Walinyang'anywa shule, hospitali na hatimaye chakula, yaani kila njia ambayo tumaini lingeweza kuipita. Kuita hali ile wingi wa imani na kuishia hapo ni kukwepa swali.

Kwa hiyo tafiti zinazompima kijana kwa idadi ya siku anazosali zinapima kidogo mno. Watafiti wetu, na viongozi wa dini pia, wamuulize amekabidhiwa nini msikitini au kanisani kwake, na ni nani atakayemtafuta asipofika.