Klabu ya Wageni Iliyopata Wenyeji: Nondescripts na Miaka Mia ya Raga ya Kujitolea

Mwaka wa 2023 klabu ya raga ya Nondescripts, ambayo mashabiki wa Nairobi huiita Nondies, ilitimiza miaka 100. Si klabu nyingi za michezo nchini Kenya zilizofika umri huo. Waasisi wake walikuwa Wazungu waliokuja kuishi na kufanya kazi mbali na kwao, wakacheza bila mshahara na kuigharimia klabu kutoka mifukoni mwao. Leo walioishika ni Wakenya, na Wakenya wengi wanaoipenda hawajui kwamba iliwahi kuwa kitu kingine. Koloni lililoizaa lilidumu miaka 40 tu baada ya klabu hiyo kuundwa, likaondoka na bendera yake. Klabu ikabaki. Ningependa kueleza kwa nini ilibaki, kwa sababu maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba ilikuwa na wachezaji hodari au marafiki wakubwa, hayatoshi. Hodari huzeeka na wakubwa huhamishwa. Nadhani Nondies ilidumu kwa kuwa mali yake halisi ilikuwa msimu wenyewe: mfululizo wa mechi za kukaribishana, na kila mechi na jioni yake. Mali ya aina hiyo mtu mwingine anaweza kuipokea na kuiendeleza bila kuwa na damu wala pasipoti ya aliyeianzisha.

Tuanze na jinsi ilivyozaliwa. Mechi ya kwanza ya raga inayokumbukwa katika kumbukumbu za Kenya ilichezwa mwaka wa 1909, maafisa wa serikali wakipambana na walowezi. Mgawanyo huo una mengi ya kusema. Waliocheza walikuwa wachache kiasi kwamba timu hazingeweza kupatikana kwa mitaa wala kwa miji, ikabidi zipatikane kwa kazi, yaani wanaotawala upande huu na wanaolima upande ule. Mwaka wa 1921 kukawa na chama cha raga na timu ya Nairobi District, lakini timu moja kubwa katika mji mdogo ina tatizo ambalo ushindi hauwezi kulitatua: haina wa kucheza naye. Mwaka wa 1923 timu hiyo ikagawanywa, na Nondescripts ikapatikana katika mgawanyiko huo. Kwa hiyo klabu hii iliundwa ili kuwe na mpinzani, na tangu siku ya kwanza uhai wake ulitegemea uhai wa jirani yake. Mwaka wa 1930 likaanza kushindaniwa Kombe la Enterprise, zawadi ya mabaharia wa meli ya kivita ya Uingereza HMS Enterprise, na hadi leo hilo ndilo shindano kongwe zaidi la raga katika eneo letu. Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kitale zikawa na sababu ya kutembeleana. Kwa safari za enzi hizo, anayetoka Kitale kuja kucheza Nairobi hawezi kurudi kwake kipenga cha mwisho kikilia. Lazima ale, lazima alale, na lazima kuwe na mtu aliyepanga mambo hayo mapema.

Hapo ndipo wengi hukosea wanapozungumzia jioni za raga. Huziona kama anasa iliyobandikwa kwenye mchezo. Tazama zinavyofanya kazi. Mechi inaisha baada ya vipindi viwili vya dakika 40 ambapo watu 30 wamegongana kwa mabega, wamevutana jezi na kukanyagana kwenye skramu. Walioshinda wanajipanga mistari miwili, walioshindwa wanapita katikati wakipigiwa makofi, kisha wao nao wanajipanga na kuwapigia wenzao. Wanaoga. Wenyeji wanaandaa chakula, manahodha wanasema maneno machache, refa anakaribishwa mezani na wale wale waliokuwa wakimlalamikia saa moja iliyopita. Hakuna anayelipwa, kwa hiyo hakuna mkataba unaomlazimisha yeyote kurudi Jumamosi ijayo. Kinachomrudisha ni deni la heshima: tumekula kwao, nao watakuja kula kwetu. Na ili chakula kiwepo, lazima awepo mweka hazina anayedai ada, katibu anayepanga ratiba, mtu anayechora mistari ya chokaa asubuhi na mtu wa kuosha jezi. Jioni moja inalazimisha klabu kuwa na kamati, na kamati ndiyo inayobaki mshambuliaji hodari anapohama.

Pingamizi la kwanza ni zito na halistahili kujibiwa kwa haraka. Jioni hizo zilikuwa na mlango, na mlango ulifungwa kwa Waafrika. Aliyekata nyasi za uwanja na aliyepakua chakula hakualikwa kuketi. Shule ambazo wachezaji walitoka, kama Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, na Duke of York, ambayo sasa ni Lenana, zilikuwa za Wazungu pekee hadi uhuru ulipokaribia. Timu ya Afrika Mashariki iliyocheza na British Lions jijini Nairobi mwaka wa 1955, ikafungwa 39–12, haikuwa na Mwafrika hata mmoja, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari na maelfu ya wenyeji wake walikuwa kizuizini. Tena hasara haikuwa ya mchezo tu. Kwenye meza hizo ndiko habari za kazi, mikopo na ardhi zilikopita, na kumfungia mtu meza ni kumfungia mengi. Historia yoyote ya Nondies inayoruka jambo hili ni pambo, na klabu yenyewe haiihitaji.

Lakini ukweli huo hauthibitishi kwamba ubaguzi ndio ulioishikilia klabu. Kama rangi ndiyo ingekuwa nguzo, jengo lingeanguka baada ya 1963, maana walowezi wengi waliuza mashamba wakaenda zao, na waliokuja badala yao walikuwa walimu, wahandisi na wafanyakazi wa benki wenye mikataba ya miaka michache, watu wasiokaa muda wa kutosha kujenga chochote. Kilichotokea ni kinyume. Mwaka wa 1970 ukaundwa Muungano wa Raga wa Kenya, na mwaka huo huo Kenya Cup ikaanza kama ligi ya klabu. Vijana Waafrika waliojifunza mchezo Lenana, Nairobi School na kwingineko wakaanza kuingia katika klabu za Nairobi zenye viwanja kando ya Ngong Road. Kisha mwaka wa 1977 zikaundwa klabu mbili muhimu: Mwamba, klabu ya kwanza ya Waafrika wenyewe, na Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zote mbili zimewahi kulinyakua kombe la Kenya Cup.

Hao wa Mwamba ndio ushahidi wangu mkubwa. Walikuwa na kila sababu ya kuukataa urithi wa wageni, nao waliukataa pale ulipokuwa mbaya, lakini umbo la msimu walilichukua zima. Makao yao ni Nairobi Railway Club, mahali palipojengwa kwa starehe ya wakubwa wa reli. Wana mashindano yao ya wachezaji saba kila upande, Kabeberi Sevens, na katika kalenda ya kitaifa yanasimama bega kwa bega na Christie Sevens ya klabu ya Kenya Harlequin, Prinsloo Sevens ya Nakuru na Driftwood Sevens ya Mombasa. Ukiyasoma majina hayo pamoja, ya Kizungu na la Kiafrika, unaona nani alianza na nani aliendeleza, bila mtu kulazimika kuyafuta ya wageni ili la wenyeji lionekane. Wikendi za mashindano hayo bado ni zile zile za kale: safari, mechi, nyama choma, hotuba, na timu zinazoahidiana kukutana tena.

Ushahidi mwingine uko mahali ambapo kamera hazifiki. Klabu ya raga ya Kenya haihesabiwi kuwa kamili ikiwa na kikosi kimoja. Kuna Eric Shirley Shield, shindano la vikosi vya pili, ambako anacheza mvulana aliyetoka shule juzi akiwa sambamba na baba wa watoto watatu ambaye kasi imemwishia lakini akili ya mchezo bado anayo. Anayetaka kujua afya ya klabu na aangalie kikosi hicho. Kule ndiko mgeni hupokelewa na mzee hukataa kustaafu, na ni mfumo wa kujitolea tu unaoweza kumudu watu wa namna hiyo, kwa sababu hesabu za biashara zingewaondoa wote wawili.

Hapo linakuja pingamizi la pili, ambalo kwa kijana wa leo ni la karibu zaidi. Anayetoka mji wetu wa Ongata Rongai kwenda mazoezini Ngong Road jioni mara mbili kwa wiki analipa nauli kwenda na kurudi, anapoteza saa za kazi, na akivunjika bega hana bima. Kumwambia acheze kwa mapenzi ni kumwambia maneno ya mtu aliyeshiba. Bodi ya raga ya dunia yenyewe iliruhusu malipo tarehe 26 Agosti 1995, na hapa kwetu vikosi vinavyobebwa na kampuni vimepanda juu: timu ya benki ya KCB ilitwaa Kenya Cup mara nne mfululizo kati ya 2017 na 2021, msimu wa 2020 ukiwa umekatizwa na korona, na Kabras ya kiwanda cha sukari cha West Kenya ilikuwa imelitwaa mwaka wa 2016. Ni maendeleo, nami sitaki yarudishwe nyuma. Mchezaji apewe nauli, atibiwe, na anayeweza kulipwa alipwe.

Ninachokataa ni kudhani kwamba pesa zinaweza kuchukua nafasi ya klabu. Soka yetu imeshatufundisha somo hili kwa uchungu. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019, fedha zilipokauka na timu ikashindwa kufika mechi tatu, iliondolewa kwenye ligi. Timu ya kampuni huishi kwa uamuzi wa ofisi, na ofisi inaweza kubadili uamuzi huo kwa barua moja. Klabu ya wanachama huumia, hushuka daraja, hukosa jezi mpya, lakini haina mtu mmoja mwenye uwezo wa kuifunga. Nondies, iliyobeba Kenya Cup mara nyingi katika enzi zake, imeonja miaka mikavu bila kombe, na bado ipo. Na hata ufanisi tunaojivunia kimataifa ulichipuka huko. Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, walipoifunga Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore mwezi Aprili 2016, kocha alikuwa marehemu Benjamin Ayimba, mtu wa klabu ya Impala, na mchezaji Collins Injera alikuwa mtoto wa Mwamba. Nchi ilivuna shamba ambalo kamati za Jumamosi zilikuwa zimelilima kwa miaka mingi.

Kuhusu pombe nitasema kwa ufupi. Ni kweli jioni za raga zimewaharibu baadhi ya vijana, na klabu zilizofumba macho zina lawama. Ila kinachofanya kazi niliyoieleza ni meza, na meza hukaa vizuri ikiwa na chai na pilau. Klabu za vyuo zinaweza kuongoza katika hilo, ikiwemo timu ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki pale Lang'ata.

Sasa niseme na Rongai, maana historia hii inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 172,569 katika mji huu, na Kitengela zaidi ya 150,000. Wengi wetu, kama wale wa 1923, tumekuja hapa kwa ajili ya kazi, majirani wetu hatukuwachagua, na tunaondoka alfajiri kurudi usiku. Mji wa wahamiaji unahitaji sababu ya watu kukutana, na msimu wa mechi ni mojawapo ya sababu bora zilizowahi kubuniwa. Magadi Road inayotupitia inaishia kwenye kiwanda cha magadi ambako, katikati ya joto na chumvi, wafanyakazi wageni walitengewa klabu na uwanja wa gofu. Huko Magadi nafasi ilipatikana. Hapa Rongai, penye watu wengi mara nyingi zaidi, nyasi za maana ziko ndani ya kuta za shule na vyuo.

Uwanja wa raga una urefu wa mita 100 na upana wa mita 70, ukiongeza nyuma ya milingoti mita kumi kila upande. Hizo ni eka mbili na kidogo, sawa na ploti 18 za futi 50 kwa 100. Serikali ya Kaunti ya Kajiado inaweza kuzitenga zingali zinapatikana, na zitumike pia na wasichana, ambao tangu Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, wafike Olimpiki hawahitaji tena kuthibitisha kwamba mchezo ni wao. Nondies, Harlequin, Impala na Mwamba nao wana la kufanya, na halihitaji bajeti kubwa: wavilete vikosi vyao vya pili Rongai, wacheze na vijana wetu, wakae wale nao, kisha wawaalike Ngong Road wiki inayofuata. Makatibu wa ratiba wa klabu hizo wakiandika jina la Rongai kwenye msimu ujao, sisi wakazi tujitolee kuchora mistari na kupika.