Themosi Chini ya Bahari

Nilipoacha uhandisi mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, mathe hakuniuliza kitu. Alinipa themosi mbili nimsaidie kubeba hadi steji. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kutetemesha meno, na chai aliyoipika saa tisa bado inaunguza ulimi.

Chupa ya aina hiyo iliundwa mwaka 1892 na James Dewar, mwanakemia Mskoti, ambaye hakuwa na shida ya chai. Alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Akaweka chupa ndani ya chupa, akanyonya hewa ya katikati, basi. Hakuusajili uvumbuzi wake. Wajerumani wakaufanyia biashara, wakauita Thermos; akaenda kortini, akashindwa. Jo, hapo huwa namhurumia.

Watu wa mafuta walikuja kuihitaji akili hiyo baadaye. Mafuta ghafi hutoka kisimani yakiwa moto, lakini sakafu ya bahari kuu ina nyuzi 4 hivi. Yakipoa, nta huganda ndani ya bomba kama mafuta kwenye sufuria ya jana. Gesi ndiyo mbaya zaidi: ikikutana na maji penye baridi na presha, huwa haidreti, kitu kama barafu kinachoganda hata kabla ya nyuzi sifuri. Mwaka 1934, Mmarekani Hammerschmidt alionyesha kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikiziba mabomba ya gesi.

Sasa njoo Mei 2010, Ghuba ya Mexico. Kisima cha Macondo kimelipuka na kuua watu 11, na kinamwaga mafuta mita 1,500 chini ya maji. BP wakashusha kasha kubwa la chuma na zege liyadake. Haidreti zikajaa humo, zikaziba tundu la juu. Ikabidi waliweke kando. Kitu kilichojulikana tangu 1934!

Kwenye kina hicho, sponji ya kawaida ya kuzuia baridi husagwa na uzito wa maji. Hivyo bomba huvikwa plastiki iliyochanganywa na vijipira vya kioo vyenye uwazi ndani, vidogo kama vumbi. Ama huwekwa bomba ndani ya bomba, katikati sponji. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Lakini hakuna kati ya hivyo kinacholeta joto. Vinachelewesha baridi tu. Mafuta yakisimama bombani, wahandisi huanza kuhesabu saa walizobakiwa nazo. Mathe naye ana saa zake. Ikigonga nne, chai iliyobaki tunainywa sisi.