Kuhuisha Maktaba Kuu ya Mfumo Endeshi: Majina Yenye Ritifaa na Usalama wa Kanzidata

Matangazo ya kusitishwa kwa huduma za mtandao usiku kwa ajili ya "maboresho ya mfumo" yamekuwa ya kawaida kwa wananchi. Baadhi ya maboresho hayo huhusu maktaba kuu ya mfumo endeshi, na moja ya mabadiliko yake lina uzito wa pekee kwa Mwanza na wilaya zinazozunguka Ziwa Victoria, kwa sababu ya namna majina ya ukanda huu yanavyoandikwa.

Kwenye seva zinazotumia Linux, kwa kawaida maktaba hiyo ni glibc. Programu haijui yenyewe jinsi ya kufungua faili, kuuliza saa au kulinganisha maneno mawili. Huazima ujuzi huo kutoka kwenye maktaba. Ndiyo maana programu ambayo haijaguswa kwa miaka mingi inaweza kubadilika tabia siku maktaba inapohuishwa.

Wasanidi wa glibc hulinda upatanifu wa upande mmoja: programu iliyoundwa kwa toleo la zamani hutarajiwa kuendelea kufanya kazi kwenye toleo jipya. Kinyume chake hakina uhakika. Programu iliyoundwa kwenye toleo 2.34 la mwaka 2021, kwa kawaida, haiwaki kwenye seva yenye toleo 2.17. Kasoro hiyo angalau hujitangaza, kwani Ofisa TEHAMA huiona papo hapo. Ya kuhofiwa zaidi ni ile isiyotoa ujumbe wowote.

Toleo 2.28, lililotoka Agosti 2018, lilibadilisha kanuni za kupanga maneno kialfabeti. Awali, alama kama ritifaa na kistari zilirukwa wakati wa kulinganisha. Nyang'hwale ya mkoani Geita ilipangwa kana kwamba imeandikwa Nyanghwale, ikaja baada ya Nyangao ya mkoani Lindi. Tangu toleo hilo, ritifaa inahesabiwa na hutangulia herufi zote. Nyang'hwale sasa huja kwanza. Majina ya Kisukuma yenye ng' yameguswa vivyo hivyo, pamoja na namba za viwanja zenye vistari. Namba zenye tarakimu tupu hazijaathirika. (Ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, ni alama nyingine kabisa kwa kompyuta, hilo ni tatizo tofauti linalostahili kanuni yake ya uandishi.)

Mpangilio huo si suala la mapambo. PostgreSQL, kanzidata inayotumiwa pia na mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, hutegemea mpangilio wa glibc isipokuwa iwe imeelekezwa vingine. Faharasa yake ni orodha iliyokwisha kupangwa, na utafutaji huamua kwenda kushoto au kulia kwa kulinganisha maneno. Orodha ikiwa ilipangwa kwa kanuni ya zamani na ikasomwa kwa kanuni mpya, utafutaji unaweza kwenda upande usio na jina hilo. Mama aliyevuka kutoka Ukerewe kufuata huduma ataambiwa hayumo, ilhali kumbukumbu yake ipo palepale. Karani akimsajili upya, hata kizuizi cha kusajili mara mbili huenda kisifanye kazi, kwa kuwa nacho husoma faharasa hiyohiyo.

Suala hili bado ni la sasa. CentOS 7, yenye glibc 2.17, ilifikia mwisho wa matengenezo Juni 30, 2024, na kila seva inayohama kutoka huko kwenda matoleo mapya huvuka mpaka wa 2.28.

Jaribio la kwanza ni jepesi: panga Nyang'hwale na Nyangao kwa amri ya sort kwenye seva ya zamani, kisha kwenye mpya, kwa mpangilio uleule wa lugha ambao kanzidata inautumia. Matokeo yakitofautiana, usihamishe faili za kanzidata kama zilivyo, wala usiunganishe seva hizo mbili kwa nakala ya moja kwa moja. Toa data kwa pg_dump na uipakie upya, maana faharasa zitajengwa upya kwa kanuni mpya. Kama faili zimekwishahamishwa, zuia uandikaji, chukua nakala rudufu, kagua kwa amcheck, kisha tumia REINDEX kwa faharasa za maneno. Amri hiyo ikigoma kwa sababu ya majina yaliyojirudia, usifute kwa kukisia; kila jozi ipitiwe na ofisa mwenye jalada.

PostgreSQL 15 na zinazofuata huonya mpangilio unapobadilika. Amri ya kuhuisha namba ya mpangilio hunyamazisha onyo bila kuponya chochote, hivyo itumike baada ya REINDEX tu. Seva ya zamani isizimwe mapema: vivuko vya Kigongo–Busisi viliendelea kuvusha watu miaka yote ya ujenzi, hadi Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa Juni 19, 2025.

Kwa mwananchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zake ziwe sahihi na inampa haki ya kuomba zirekebishwe. Ukiambiwa jina lako halionekani baada ya maboresho, onesha stakabadhi au kadi ya awali na uombe utafutwe kwa namba, kabla ya kukubali usajili mpya.