Barabara ya Tunduma na Watu Wake

Sisi tulio walimu, kila tuwaulizapo wanafunzi wetu, "Barabara hii ni ya nani?" hujibiwa, "Ni ya Serikali." Jibu hilo si la uongo, lakini lina asili yake, na asili hiyo ni chungu kidogo. Hapa Mbangala, upande wa Ziwa Rukwa, twakaa mbali na lami. Hata hivyo mabati ya nyumba zetu na vitabu vya watoto wetu huletwa na malori.

Hapo kale mizigo ya nchi hii ilichukuliwa vichwani mwa wapagazi. Mnamo mwaka 1881 tajiri mmoja wa Uskochi, James Stevenson, alitoa fedha ili ikatwe njia kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alikufa Karonga mwaka 1883, na njia ile haikumalizika kama ilivyokusudiwa. Lakini Waingereza na Wadachi walipogawana nchi mwaka 1890, mpaka ulichorwa kati ya maziwa hayo mawili, na njia ya Stevenson ikabaki upande wa Waingereza. Ndiyo maana Tunduma leo ni mji wa mpakani.

Upande huu wetu Wadachi waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897. Asiyekuwa na fedha aliilipa kwa jasho, na kazi mojawapo ilikuwa kulima barabara. Mtu aliacha shamba lake wakati wa palizi, akaenda kufyeka njia asiyoijua faida yake. Basi watu wakazoea kuiona barabara kuwa kitu cha bwana mkubwa, nao ni vibarua tu. Kisha ikaja dhahabu ya Lupa, na katika miaka ya 1930 malori yakapita katika vumbi la Chunya na Saza; hata hayo watu waliyatazama kama mambo ya wageni.

Jambo lililoigeuza barabara ya Tunduma lilitoka mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na upesi Zambia ikakosa mafuta, kwa kuwa yalikuwa yakipitia kwao. Yakaanza kuchukuliwa kwa mapipa katika malori kutoka Dar es Salaam, kupita Iringa na Mbeya hata Tunduma, na malori yakarudi na shaba. Njia nyingi ilikuwa ya udongo. Masika magurudumu yalizama, kiangazi vumbi lilimfunika dereva asimwone mwenziwe aliye mbele, na malori mengi yakapinduka. Madereva wakaiita njia ya Jahanamu, wala hawakutia chumvi. Bomba la mafuta lilipomalizika mwaka 1968 taabu ikapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikatandikwa mpaka mpakani.

Lami iliondoa matope, ikaleta mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ikatungwa mwaka 1973. Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, ukaanzishwa mwaka 2000, na mizani yake iko Mpemba karibu na Tunduma. Madereva huinung'unikia mizani hiyo. Lakini majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1958 hata 1960 yalionyesha kuwa ekseli ikibebeshwa mzigo maradufu, barabara huumia kiasi cha mara 16. Mwenye lori hupata faida yake siku moja, na kijiji kizima hurithi mashimo.

Na tufanye hesabu moja pamoja na wanafunzi. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kila sekunde. Mtoto huhitaji sekunde 6 hivi kuvuka barabara. Katika muda huo lori limekwisha kula zaidi ya mita 130. Kwa hiyo mtoto alionapo lori "liko mbali bado," huenda haliko mbali asilani. Sheria yataka vijijini mwendo usizidi kilomita 50, na kibao huonyesha hivyo, kama kibao kipo. Tunasema hivyo kwa kuwa vibao huibwa, vikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mwizi si mgeni wa mbali. Watoto wake wasoma ng'ambo ya barabara ile ile.

Tena lori likiharibika, utingo hukata matawi akayatandaza njiani kuwaonya wenziwe. Sheria yataka vibao vya pembetatu ving'aavyo, lakini matawi nayo yameokoa wengi. Ubaya ni kwamba lori likitengenezwa, matawi na mawe ya kuzuia magurudumu huachwa pale pale. Usiku mwenye baiskeli huyakuta. Katika safari zetu za Vwawa tumewaona vijana wakishuka kuyaondoa, bila kuitwa na jumbe wala kulipwa na Wakala, kisha wakapangusa mikono, wakaendelea na safari yao.