Vazi, Cheo na Jina: Aproni ya Waashi Huru na Vazi la Omuswala Kumuse

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza mavazi mawili ya sherehe ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza ni aproni inayovaliwa na wanachama wa chama kile ambacho wasemaji wengi wa Kiswahili leo hukiita Frimasoni. La pili ni vazi la omuswala kumuse, yaani msemaji mteule wa Babukusu ambaye huwafariji wafiwa na kusimulia historia ya watu wake baada ya maziko ya mzee. Uwanja wetu ni Webuye na nchi inayouzunguka mji huo, kuanzia Bungoma hadi Kitale.

Huenda msomaji akauliza kinachoyakutanisha mavazi haya. Jibu ni kwamba katika nchi hii moja, kwa nyakati mbalimbali, yote mawili yametuhumiwa kuwa ya shetani. Tuhuma zinafanana, lakini mizizi yake si mmoja. Hoja yetu ni kwamba vazi la cheo husomeka pale tu jamii inapoijua kazi iliyolizaa na kupata nafasi ya kuliona likivaliwa. Vazi la omuswala limejaliwa yote mawili. Aproni iliyakosa yote mawili ilipoingia Afrika Mashariki, na lugha ya Kiswahili, kwa namna ilivyolikopa jina la chama, ilichangia upungufu huo.

2. Aproni: kutoka kazini hadi sherehe

Asili ya aproni ni kazi. Mwashi wa Ulaya ya zama za kati alijifunga ngozi kiunoni ili kuukinga mwili na nguo zake dhidi ya vipande vya mawe na makali ya zana. Vyama vya waashi vilipoanza kupokea watu ambao hawakuwa mafundi, hasa katika Uskoti na Uingereza ya karne ya 17, ngozi hiyo ilibaki, lakini kazi yake ikawa ya ishara. Mapokeo ya chama yanasema kwamba Loji Kuu ya kwanza iliundwa London mwaka 1717, ingawa baadhi ya wanahistoria wameitilia shaka tarehe hiyo.

Katika karne ya 18 hapakuwa na kanuni moja ya kuipamba aproni. Kila mwanachama aliifanya yake apendavyo. Wengine walichora kwa wino na rangi, wengine walidarizi kwa hariri: nguzo, jua na mwezi, bikari na kipimo cha pembe. Aproni ilikuwa mali ya mtu binafsi na ilimtambulisha yeye. Kwa sababu hiyohiyo iliweza pia kurithishwa. Mwaka 1778 Voltaire alipopokewa katika loji ya Les Neuf Sœurs mjini Paris, alivishwa aproni iliyokuwa ya Helvétius, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1771. Kwa kitendo hicho heshima ya marehemu ilihamia kwa aliye hai kwa njia ya ngozi tu.

Uhuru huo wa mapambo ulipunguzwa nchini Uingereza. Loji Kuu mbili zilizokuwa zikishindana ziliungana mwezi Desemba 1813, na kanuni zilizotolewa mwaka 1815 ziliweka umbo moja la aproni. Tangu hapo mwanagenzi huvaa ngozi nyeupe ya mwanakondoo isiyo na pambo lolote, yenye upana wa inchi 14 hadi 16. Fundi mwenzi huongezewa maua mawili ya utepe wa buluu. Fundi mkuu huwa na maua matatu, ukingo wa buluu na vishada vya fedha. Ofisa wa wilaya huvaa aproni iliyodariziwa nembo ya cheo chake pamoja na jina la wilaya. Uskoti haikufuata mkondo huo, kwani huko kila loji huruhusiwa kuchagua rangi zake.

Mabadiliko haya yana maana kwa mwanahistoria. Kabla ya 1813 aproni ilieleza mvaaji ni nani. Baadaye ilieleza amefika wapi. Alama ya mtu ilimezwa na alama ya cheo. Hata hivyo ngozi nyeupe ya mwanagenzi iliendelea kuwakumbusha wote kwamba tajiri na maskini huanza kwa vazi moja, na kwamba vazi hilo ni la mfanyakazi. Ahadi hiyo ya usawa haikutimizwa daima. Mwaka 1775 Prince Hall na Waafrika wengine 14 wa Boston waliingizwa chamani na loji ya kijeshi ya Kiayalandi. Iliwabidi waombe hati yao London, nayo ikatolewa mwaka 1784, na kwa muda mrefu loji za Wazungu wa Marekani zilikataa kuwatambua warithi wao. Aproni zilikuwa sawa. Waliozivaa hawakuhesabiwa kuwa sawa.

3. Aproni yaingia Kenya

Loji za Kiingereza ziliingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, zikifuatana na reli, utawala na ulowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi pana ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao wakiwa askari wa zamani, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Babukusu wengi walikwenda katika mashamba hayo wakawa vibarua na maskwota. Webuye wakati huo uliitwa Broderick Falls, jina la kigeni lililofunika jina la wenyeji.

Katika koloni hilo loji, kama ilivyokuwa klabu, kwa kiasi kikubwa ilikuwa mahali pa walowezi, maofisa na wafanyabiashara. Mwafrika aliyefua nguo, aliyepika na aliyefungua lango la bwana wake hakuwa na sababu ya kujua kwamba kile kitambaa cha ngozi kilichokunjwa sandukuni kilikuwa na nasaba moja na ngozi ya mchonga mawe. Ubaguzi wa koloni ndio uliokamilisha usiri wa chama. Usiri wa loji ya Uingereza ulikuwa kati ya jirani na jirani; hapa ulikuwa kati ya mtawala na mtawaliwa.

Baada ya uhuru loji ziliendelea chini ya Loji Kuu ya Wilaya ya Afrika Mashariki, na wanachama wakatoka katika jamii mbalimbali. Nchini Tanzania, Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2017, alikuwa miongoni mwa viongozi wachache waliozungumza hadharani juu ya uanachama wao. Lakini sauti yake ilisikika wakati ambapo maana ya neno Frimasoni ilikuwa imekwisha kushika njia yake yenyewe.

4. Vazi la omuswala kumuse

Tukirudi upande wa Babukusu, twakuta vazi la namna nyingine. Kumuse ni hotuba inayotolewa siku chache baada ya maziko, wala haifanyiwi kila marehemu. Aghalabu ni heshima ya mzee aliyetimiza maisha: aliyetahiriwa, akaoa, akaona wajukuu. Anayeitoa ni omuswala. Kazi hiyo hushikwa na koo chache tu na hurithiwa ndani ya koo hizo. Anayejitwalia bila haki huaminiwa kuwa anajitafutia maafa.

Omuswala hujitokeza mbele ya watu akiwa amevaa joho la ngozi na kofia yenye kauri, mkononi ameshika fimbo. Hutembea huku na huko katikati ya hadhira iliyoketi, akisimulia chimbuko la Babukusu, safari zao, koo zao na marika yao ya tohara, akionya na kufariji kwa methali. Miongoni mwa wenye kipawa hicho, Manguliechi alipata umaarufu mkubwa, na hotuba zake zimechunguzwa na mtaalamu Chris Wasike katika mijadala yake juu ya mamlaka na uanaume.

Je, vazi hili ni la mtu au la cheo? Tungesema ni la ukoo kwanza. Omuswala halipambi ili ajulikane yeye. Hulivaa ili iwe dhahiri kwamba asemaye si yeye peke yake. Kinachomtofautisha na omuswala mwingine ni sauti, kumbukumbu na ujasiri wa kuwakemea wakubwa bila kuadhibiwa. Ngozi humpa kinga hiyo. Akiivua, anarudi kuwa jirani kama majirani wengine, na maneno aliyoyasema uwanjani hayahesabiwi kuwa matusi yake binafsi.

Tofauti na aproni ni dhahiri. Vazi la omuswala huvaliwa mchana, kiwanjani, mbele ya wanawake, watoto na wageni. Mtoto wa Webuye aliyehudhuria kumuse mara moja anajua kazi ya vazi lile hata kama hajui kila neno la hotuba. Urithi wa kazi umefungwa. Maana ya vazi iko wazi. Kwa waashi huru mambo yamegeuka: mlango wa kuingia unaweza kufunguliwa kwa mtu wa ukoo wowote, lakini vazi halionekani ila na walioingia.

5. Jina bila kazi

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata shughuli. Kiswahili kina neno la kale na la fahari kwa fundi wa mawe: mwashi, linalotokana na kitenzi -aka, yaani kujenga kwa mawe. Miji ya pwani, misikiti yake na majumba yake ni kazi ya waashi. Lau chama hiki kingeitwa tangu mwanzo Chama cha Waashi Huru, msikiaji angepata fununu ya asili yake papo hapo, na aproni isingemshangaza, maana fundi na vazi la kazi ni kitu kimoja.

Haikuwa hivyo. Jina la Kiingereza lilikopwa zima zima kwa sauti tu. Katika umbo Frimasoni, dhana ya uhuru haisikiki, wala mwashi haonekani. Neno likabaki kama chungu kitupu, na chungu kitupu hujazwa na kila apitaye. Matumizi yake yathibitisha hayo. Twasikia kwamba fulani “ni Frimasoni”, yaani mtu. Kwamba “amejiunga na Frimasoni”, yaani chama. Na hata kwamba anafuata “dini ya Frimasoni”. Neno moja limebeba mtu, chama na imani. Katika mazungumzo ya mitaani maana yake kuu imekuwa utajiri wa ghafla unaonunuliwa kwa damu ya jamaa.

Linganisha na kumuse. Neno hili limo katika ngeli ya ku-mu- ya Kibukusu pamoja na kumusaala, yaani mti, nalo halikuhitaji kukopwa wala kufasiriwa kwa wenyeji. Jina, kazi na vazi vimeshikamana. Ukilitaja moja umeyaita mengine.

6. Tuhuma

Hata hivyo kusomeka kwa vazi si ngao kamili. Wamisionari wa Kiquaker walioanza kazi Kaimosi mwaka 1902, na baadaye wakawa na kituo Lugulu karibu na Webuye, walihubiri kuachwa kwa mila nyingi, na waumini walifundishwa kuziona ibada za mizimu kuwa za giza. Elijah Masinde, aliyelelewa katika Kanisa hilo kisha akaongoza Dini ya Msambwa, aliwataka watu warudi kwa mababu. Serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948, na serikali ya Kenya huru ikafanya vivyo hivyo mwaka 1968. Katika mazingira hayo, ngozi na kauri zilitosha kumtia mtu mashakani.

Mwezi Oktoba 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifikishwa Bungeni mwaka 1999. Katika mijadala ya miaka hiyo jina la Frimasoni lilitajwa mara kwa mara, na alama za vazi na vito zikachukuliwa kuwa ushahidi.

Tuhuma ya kwanza ilitoka kwa mgeni aliyeliona vazi na kukataa kulisoma. Ya pili ilitoka kwa wananchi walionyimwa vazi la kusoma. Hizi si dhambi za aina moja. Babukusu waliweza kumjibu mmisionari kwa kuendelea kufanya kumuse mbele ya macho yake, na ndivyo walivyofanya. Lakini anayeitwa Frimasoni mtaani kwa sababu tu biashara yake imestawi hana uwanja wa kujibu, maana neno lenyewe halina tafsiri ambayo yeye na mshtaki wake wanaweza kukubaliana.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba aproni ilianza ikiwa ngozi ya kazi, ikawa pambo la mtu, kisha ikawa daraja la cheo. Na kwamba vazi la omuswala limebaki kuwa dhamana ya ukoo inayotumiwa hadharani. Tumeona pia kwamba lugha inapokopa jina na kuiacha kazi, hofu huingia katika nafasi iliyoachwa.

Watunga kamusi wana wajibu hapa. Fasili ya Frimasoni itenganishe mambo mawili: maana ya kihistoria, yaani mwanachama wa udugu uliochukua ishara zake kutoka kazi ya uashi; na maana ya mitaani, ambayo haina budi kuandikwa kuwa ni ya mitaani. Kuifuta ya pili ni kuficha historia ya hofu za watu wetu. Kuipa nafasi ya kwanza ni kuhukumu watu kwa wino wa wanazuoni, ambao nao, kila mahafali, huvaa joho lenye rangi za chuo na daraja la shahada, wala hawaoni ajabu.